Mwili wa Mwenzako ni Amana

 

Jioni hii nataka tuzungumze habari za mwalimu mmoja wa judo. Jina lake Geraldo Bernardes, Mbrazili, mkazi wa Rio de Janeiro. Amefundisha judo karibu maisha yake yote, na aliwahi kuwa kocha wa timu ya taifa ya Brazil katika Michezo ya Olimpiki. Rio ni mbali, bahari nzima iko katikati. Lakini wanafunzi wake wawili ninaokusudia kuwataja walizaliwa Bukavu, na ukivuka daraja la Rusumo ukaikata Rwanda mpaka mwisho wake upande wa machweo, umefika Bukavu. Kiswahili kinasemwa huko kama kinavyosemwa hapa. Wote wawili walitenganishwa na wazazi wao na vita wakiwa bado watoto.

Watu wa wilaya zetu hizi mbili, Ngara na Biharamulo, hawahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa saa 24 hivi. Benaco, mahali palipokuwa pakijulikana kwa kambi ya kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakageuka mji wa maturubai ndani ya siku chache. Zikafuata Lumasi, Musuhura, Kitali, na Lukole ya ndugu zetu Warundi. Wengi wenu mnaonisikiliza mliuza ndizi pale, mlichota maji pamoja nao, mlizika pamoja nao. Na mnakumbuka watoto waliofika peke yao, wamemshika mkono mtu wasiyemjua. Mwaka huohuo BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango kwa Kinyarwanda na Kirundi ili familia zilizopotezana zipate kusikiana. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapahapa Ngara. Kwa hiyo mtoto aliyepotezana na mama yake njiani si mgeni katika mawimbi ya redio ya mkoa huu.

Wa kwanza anaitwa Popole Misenga. Alizaliwa mwaka 1992. Vita vilipofika kwao, mama yake aliuawa, naye akakimbilia msituni, akatangatanga siku kadhaa peke yake mpaka akaokolewa na kupelekwa Kinshasa. Wa pili ni Yolande Mabika, msichana aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka kama mitano. Naye alipotezana na wazazi, akachukuliwa hadi Kinshasa. Huko, katika makao ya watoto waliokimbia vita, ndiko walikokutana na judo. Popole amesema mara nyingi kwamba judo ndiyo iliyompa utulivu na nidhamu alipokuwa hana familia. Namwamini. Mtoto asiye na mtu akipewa saa ya kufika mahali, vazi la kuvaa, na mtu mzima anayejua jina lake, tayari ana pa kushika.

Lakini judo hiyohiyo ilipopanda ngazi, ikawa ya mashindano na medali, ikaingia kitu kingine. Kwa simulizi yao wenyewe, mchezaji aliyeshindwa alifungiwa kwenye kizimba na kupewa chakula kidogo mno. Ukirudi bila ushindi, unajua kinachokusubiri. Nawaomba wasikilizaji tukae kidogo hapo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kijana anapigana judo, mchezo wenye heshima nyingi, mchezo wa kuinamiana kichwa kabla na baada. Lakini anayepambana naye hamwoni kama mwenzake. Anaona mlango wa kizimba. Kila mtu aliyesimama mbele yake amesimama kati yake na chakula. Mwalimu aliyefanya hivyo aliamini, nadhani, kwamba anatengeneza mpiganaji mkali, na ukali aliupata kweli. Tutaona ulimwelekea nani.

Mwishoni mwa Agosti 2013 mashindano ya dunia ya judo yalifanyika Rio. Popole na Yolande walisafiri na timu ya Kongo. Walipofika, kwa maelezo yao, viongozi wao wakaondoka na pasi za kusafiria na fedha, wakawaacha hotelini hawana chakula. Yolande ndiye aliyeamua kwanza. Akatoka, akazunguka mitaani akiuliza kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa Waafrika wanakaa wapi, na baadaye Popole akamfuata. Wakapokewa Brás de Pina, mtaa wa kaskazini mwa jiji wenye Waafrika wengi, hasa Waangola na Wakongo. Wakaishi kwa vibarua: kufagia, kupakia na kushusha mizigo kwenye malori. Mwaka uliofuata serikali ya Brazil iliwatambua kuwa wakimbizi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Katika mashindano hayohayo, wiki hiyohiyo, ndani ya ukumbi wa Maracanãzinho, msichana wa Kibrazili aitwaye Rafaela Silva alitwaa ubingwa wa dunia, mwanamke wa kwanza wa Brazil kufanya hivyo katika judo. Rafaela alitoka Cidade de Deus, mtaa wa maskini unaoogopwa, na aliyemwanzisha judo tangu utoto ni Geraldo Bernardes. Kwa hiyo wakati mwanafunzi mmoja wa mzee huyu anavishwa dhahabu mbele ya watu wake, wanafunzi wake wawili wa kesho, ambao hajawaona wala hawajamsikia, wanahesabu saa bila chakula katika jiji hilohilo.

Rafaela nitamrudia. Kwanza niwaeleze judo yenyewe, maana bila hiyo hatuwezi kumwelewa mwalimu.

Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, kijana wa miaka 21 wakati huo, mwalimu wa shule. Alikuwa mtu wa umbo dogo, aliyeonewa na wenzake shuleni, akajifunza mbinu za kale za kupigana ili ajilinde. Alipofungua chuo chake, Kodokan, alianza na wanafunzi wachache ndani ya hekalu la Eishoji, kwenye chumba cha mikeka kumi na miwili. Mbinu za kale zilikuwa na mapigo ya kuvunja na kuua, na kwa hiyo wanafunzi hawakuweza kuzifanyia mazoezi kwa nguvu zao zote. Ungefanyaje mazoezi ya kumvunja mwenzako shingo? Kano akaziondoa zile za hatari kutoka kwenye pambano la mazoezi, akaacha zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zote na kesho wakarudi wote wawili. Ikatokea kwamba wanafunzi wake, kwa kuwa walipambana kweli kila siku, wakawa hodari kuliko wa vyuo vilivyohifadhi mapigo ya kuua kwa maonyesho tu. Mimi naona huo ni mmoja wa uvumbuzi mkubwa katika historia ya ualimu, na hausifiwi vya kutosha.

Kitu cha kwanza anachofundishwa mtoto wa judo ni kuanguka. Siku nyingi hafundishwi kingine. Kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, mkono mzima unapiga mkeka ili kishindo kisambae, mwili unabingirika. Kisha anafundishwa kushika: mkono mmoja kwenye ukosi wa vazi la mwenzake, mwingine kwenye mkono wa vazi. Anajifunza kumyumbisha mpaka miguu yake haina tena uzito, kisha anaingia chini yake na kumtupa. Na hapa kuna jambo dogo ambalo mtazamaji wa televisheni halioni. Yule anayetupa haachii. Mwenzake akiwa hewani, ule mkono wa vazi bado ameushika, na wakati wa kutua anauvuta juu kidogo ili bega na kichwa cha mwenzake visigonge. Ametumia nguvu zake zote kumwangusha, na papo hapo anamlinda asiumie. Vivyo hivyo kwenye kukaba na kukunja kiwiko: aliyebanwa akipiga mkeka mara mbili kwa kiganja, aliyembana anaachia saa hiyohiyo.

Ukiuelewa mkono huo usioachia, umemwelewa Bernardes.

Shirika la Cáritas la Rio lililokuwa likiwasaidia wakimbizi ndilo lililowaunganisha Popole na Yolande na chuo cha Instituto Reação, kilichoanzishwa mwaka 2003 na Flávio Canto, mshindi wa medali ya shaba wa Olimpiki ya Athens, pamoja na Bernardes aliyekuwa mwalimu wake. Walianza mazoezi mwaka 2015. Mzee wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka 70. Na ameeleza wazi alichokikuta. Vijana wale walikuwa wakali mno. Mazoezini walimtupa mwenzao bila kujali atatua vipi, wakawaumiza watu ambao hawakuwa wapinzani wao. Popole aliingia mkekani kila jioni kama mtu anayepigania uhai wake.

Hebu jiwekeni mahali pa mwalimu. Una chuo chenye watoto wa mitaa ya maskini, wengine wadogo, na kijana mmoja mgeni, mwenye nguvu nyingi, anawaumiza. Walimu wengi wangemfukuza, na wazazi wangewaunga mkono. Wengine wangemtafutia mtu mwenye nguvu zaidi amwadhibu mkekani, ili ajue maumivu ni nini. Kana kwamba hakujua! Bernardes hakufanya hili wala lile. Alielewa kwamba ukali ule ni somo ambalo kijana amefundishwa, tena amelifaulu vizuri. Akaanza kumfundisha upya kitu ambacho wengine hufundishwa wakiwa watoto wadogo: kwamba huyu uliyemshika ni mwenzako, bila yeye huna mazoezi, na akivunjika leo kesho huna wa kushikana naye. Wajibu wako juu ya mwili wake unaanza pale unapomshika.

Kwa Kiswahili tunayo dhana iliyokamilika kwa jambo hili. Mtu akikuachia kitu chake ukilinde, hicho ni amana, na mwenye haya hali amana. Mchezaji wa judo anapokubali kushikwa ukosi, amekukabidhi shingo yake, mgongo wake na magoti yake. Kijana aliyefungiwa kizimbani hakuwahi kuonyeshwa kwamba mwili wake ni amana kwa yeyote. Angejuaje kwamba wa mwenzake ni amana kwake?

Ilichukua muda. Mwalimu alifuatilia pia maisha nje ya mkeka: chakula, nauli, lugha ya Kireno, upweke. Walipolia alikuwepo. Sitaki mfikiri alikuwa mpole wa kulegeza kamba. Alidai mazoezi magumu, na vijana hawa walikuwa nyuma sana kimashindano, kwa sababu walikuwa wamekaa muda mrefu wakibeba mizigo badala ya kufanya mazoezi. Lakini kushindwa kwa mwanafunzi hakukubadilisha namna mwalimu alivyomsalimia kesho yake. Naomba walimu wa shule wanaonisikia wazipime hizo hali mbili: kizimba baada ya kushindwa, na salamu ileile baada ya kushindwa.

Mwaka 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliunda kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi. Walikuwa kumi: wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma nchini Kenya na kufundishwa Ngong chini ya Tegla Loroupe, waogeleaji wawili wa Syria, mkimbiaji mmoja wa marathoni kutoka Ethiopia, na wachezaji wawili wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Tarehe 10 Agosti Yolande alipambana na Linda Bolder wa Israel, na pambano lake lilikwisha mapema kwa kushindwa. Popole, uzito wa kilo 90, alimshinda Avtar Singh wa India. Kisha akakutana na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, akashindwa, huku ukumbi mzima ukilitaja jina lake. Walirudi bila medali. Wote wawili walikuwa wamesema kabla ya siku hiyo kwamba walitamani ndugu zao, kama wako hai, wawaone kwenye televisheni na kuwatambua. Miaka mitano baadaye, Tokyo, Popole alikuwa tena katika timu ya wakimbizi. Alishindwa pambano la kwanza na Krisztián Tóth wa Hungary.

Kwa hesabu ya medali, basi, mwalimu huyu hakupata kitu kwa vijana wa Bukavu. Ushindi mmoja, vipigo vitatu. Mimi nasema hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, na naisema nikijua kwamba wiki hiyohiyo ya Agosti 2016, siku mbili kabla, Rafaela Silva alimletea Brazil dhahabu yake ya kwanza ya michezo ile. Kumfikisha mwenye kipaji kwenye dhahabu ni kazi ya walimu wachache. Kumchukua mtu mzima aliyefundishwa kuumiza, ukamrudisha kwenye kushika bila kuumiza, ni kazi ya wachache zaidi.

Na Rafaela naye hadithi yake si mstari ulionyooka. Alikuwa mtoto wa kupigana mitaani. Mwalimu aliuona ukali ule akaupa mahali pa kukaa. London 2012 aliondolewa mashindanoni kwa kushika mguu kinyume cha kanuni, akatukanwa kwa rangi yake na watu wa nchi yake mwenyewe mitandaoni, akataka kuacha. Akarudi, akawa bingwa wa dunia, kisha wa Olimpiki. Mwaka 2019 akakutwa na dawa iliyokatazwa, akafungiwa miaka miwili, akaikosa Tokyo. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia tena. Nawatajia yote hayo kwa sababu tuna tabia, tukisimulia habari za mwalimu bora, ya kuwafanya wanafunzi wake malaika. Mwanafunzi anabaki mtu. Ataanguka kwa namna ambazo mwalimu hakuzifundisha.

Turudi nyumbani. Tanzania si ngeni katika sanaa hizi za kupigana. Miaka ya 1970 Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alikuwa Dar es Salaam akifundisha karate ya Goju-ryu, mtindo wa Okinawa, na kizazi cha walimu wa Kitanzania kilitoka mikononi mwake. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliyehamia kisiwani mwaka 1987 akaanza kufundisha judo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vijana wa Unguja wakaipenda. Mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu, mchezaji wa judo, alibeba bendera yetu kwenye Olimpiki ya Paris.

Huku kwetu, vijana wengi waliijua kwanza sanaa ya kupigana kwenye vibanda vya video. Benchi la mbao, jenereta inanguruma, Bruce Lee kwenye kioo, na kaseti yenye sauti ya Mtanzania anayetafsiri na kuongeza chumvi zake. Marehemu na walio hai, wale watafsiri walikuwa mafundi. Sinema zile zilitupa furaha, sizilaumu. Ila zilitufundisha kwamba mpiganaji daima ana adui, na kwamba mafunzo ni njia ya kumfikia adui. Mwalimu kwenye sinema huuawa dakika ya ishirini ili mwanafunzi apate sababu ya kulipiza kisasi. Hakuna sinema hata moja niliyoitazama kibandani iliyokaa dakika tano kuonyesha mtoto akijifunza kuanguka.

Na nje ya kibanda, wilaya hizi zilijua adui wa kweli. Barabara ya kutoka Biharamulo kwenda Ngara, na ile ya Nyakanazi kwenda Kibondo, kuna miaka ambayo mabasi yalikwenda kwa msafara na askari wenye bunduki ndani, kwa hofu ya majambazi porini. Wazee wetu walikesha zamu za sungusungu. Katika hali hiyo, mzazi akisikia kijana wake anajifunza kupigana, anaona mambo mawili tu: ama atakuwa mlinzi, ama atakuwa jambazi. Njia ya tatu haijazoeleka machoni pake, ya kijana anayejua kumwangusha mtu na kwa sababu hiyohiyo hana haja ya kumwangusha mtu yeyote kijiweni.

Kuna jambo lingine zito nisilotaka kulipita. Agosti 2018, mjini Bukoba, mkoani humuhumu, mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye miaka 13 alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa kusingiziwa wizi. Tulilia, tukaandika, tukazungumza redioni. Kanuni za serikali zinasema viboko visizidi vinne, na ni mwalimu mkuu, au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, anayeweza kuvitoa. Sote tunajua inavyokuwa. Nami nikimtazama Bernardes naona aibu yetu iko wazi zaidi, kwa sababu huyu anafundisha kupigana. Kazi yake yote ni mieleka, kukaba, kutupa. Kama kuna mwalimu duniani ambaye angeweza kudai kwamba mtoto lazima apigwe ndipo ajue, ni yeye. Naye ndiye aliyeona kwamba kizimba kilimharibia mwanafunzi hata judo yake.

Je, mwalimu wa namna hiyo anaweza kufanya kazi Ngara, au Biharamulo? Vifaa si kikwazo kikubwa kama tunavyodhani. Mkeka wa kiwandani ni ghali, kweli. Lakini mahali pengi Afrika mazoezi huanza juu ya vumbi la mbao lililoshindiliwa, likazungushiwa matairi makuukuu, likafunikwa turubai lililovutwa likakaza. Vumbi la mbao hujaa nyuma ya kila karakana ya seremala. Turubai, wasikilizaji wa Ngara, hakuna wa kutufundisha matumizi yake. Shirikisho la kimataifa la judo lina mpango wake wa judo kwa ajili ya amani, na huko Zambia, katika makazi ya wakimbizi ya Meheba, watoto wa Kikongo, Kinyarwanda na wenyeji wa Zambia hushikana ukosi mkeka mmoja. Sisi tunao watoto wanaotoka kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA wakiwa na kasi na pumzi. Tunao watoto wa wachungaji wanaopigana mieleka malishoni tangu wakiwa na miaka sita, wakiamuliwa na kaka zao.

Kigumu ni mwalimu. Maana anaweza kuja mtu na mkanda mweusi kiunoni na picha za medali, akakusanya vijana wa bodaboda na watoto wa shule, na ndani ya mwaka mmoja akatuachia kundi la watu wakali. Kwa hiyo mzazi unayempeleka mwanao mazoezini, iwe karate, judo, ndondi au hata mpira, usiulize mkanda wa mwalimu kwanza. Kaa pembeni siku nzima ya mazoezi utazame. Angalia mtoto dhaifu kuliko wote anashikwaje. Angalia aliyeshindwa anaambiwa nini, na kwa sauti gani. Angalia kama anayepiga mkeka mara mbili anaachiwa mara moja au anaongezewa kidogo ili akome. Akiongezewa, na mwalimu ameona, na amecheka, mshike mwanao mkono mwende nyumbani.

Na wewe unayefundisha tayari, Kabanga, Rulenge, Nyakanazi au popote pale, kwenye ua wa shule au nyuma ya soko, tuletee habari zako kituoni: siku zako za mazoezi, saa, mahali, na kama unapokea wasichana. Tutakusomea hapa hapa hewani kila Jumamosi, bila malipo, na wazazi watakuja kukutazama.